Chongo na Kengeza

Huku Takasaki, mwaka ukigeuka,
tunanunua daruma: kidoli cha karatasi,
chekundu, tumbo duara, hana mkono hana mguu.
Ukimsukuma hulala, ukimwachia huinuka.
Huuzwa kipofu.
Wewe mwenyewe, kwa brashi yako,
unamtia jicho moja siku unayotia nia,
la pili siku unayotimiza.
Kati ya jicho na jicho anakaa rafuni,
chongo, anakudai.

Mimi Chizuko, mpiga pasi wa duka la dobi nyuma ya stesheni,
miaka hamsini na saba,
nilikuwa nadaiwa na watano.

Wa kwanza nilimwambia: nataka kuwa mtu bora.
Akanikodolea jicho lake miaka tisa.
Bora kwa kipimo gani? Kwa ratili? Kwa pishi?
Ningejuaje, Jumatano fulani, nikikunja mashati,
kwamba ndiyo leo, nimefika, lete wino?

Wa pili hakuwa wangu.
Brashi niliishika mimi, mkono ulikuwa wa mama.
Mtihani wa uhasibu. Nilifeli mara mbili,
na mara zote mbili nililala fofofo.

Wa tatu nilimtwika saba:
Kiingereza, akiba, mgongo, bustani,
kumsamehe Tadao, kuacha sigara, kupaka dari rangi.
Mshika mawili moja humponyoka;
mshika saba hata mkono wenyewe hauoni.

Wa nne nilimtangaza.
Kilo kumi zipungue kabla ya maua ya mcheri!
Niliwaambia wateja, nikamwambia dereva wa gari la sabuni.
Wakapiga makofi: kweli una moyo.
Nikashiba makofi.
Ikabaki ile njaa nyingine, nikailisha keki.

Wa tano ndiye aliyeniuma.
Kurasa mbili kila usiku, habari za bibi yake,
nimwandikie binti yangu Chinatsu aliye Otaru.
Siku thelathini na nane sikukosa.
Ya thelathini na tisa mashine ya mvuke ilipasuka,
nikarudi saa sita, nikalala na viatu.
Kesho yake nikasema: basi, mnyororo umekatika.
Nani aliniambia ni mnyororo?
Ungekuwa mshono, ningeushona;
mimi, mrudisha vifungo vya mji mzima!

Januari hii nilinunua mdogo, kama limau.
Bwana Kumagai akauliza: huyu tu?
Huyu tu.
Nikamnong'oneza njiani, ndani ya mfuko wa koti:
kuogelea upana wa bwawa la manispaa,
ukuta hadi ukuta, bila kusimama,
kabla hawajalifunga kwa ukarabati mwezi wa sita.
Jumanne na Ijumaa, nikitoka kazini,
begi limeshaning'inia mlangoni.
Jumanne ikinipita, Jumatano nipo.
Sababu? Maji nimeyafanyia kazi miaka thelathini,
hayajawahi kunibeba.

Februari nilikunywa nusu ya bwawa.
Machi mtoto mwenye kofia ya njano alinipita,
akanipungia mkono.
Aprili, zimebaki mita mbili, miguu ikataka sakafu.
Kwenye kalenda niliandika: mbili.
Sikuandika: nimeshindwa.

Mei, tarehe kumi na tisa, mvua,
vidole vikagonga kigae.
Hakuna aliyeona. Mlinzi wa bwawa alikuwa anapiga miayo.
Nikang'ang'ania ukingo, nikacheka, nikakohoa, nikacheka.

Nyumbani nikachovya brashi.
Mkono, uliochoka, ukatetemeka;
jicho la pili likaenda kombo, likatazama pua.
Ukipenda, chongo huita kengeza.
Huyu wangu hakusingiziwa:
jana chongo, leo kengeza kweli.

Wale wanne nimewafunga kwenye furoshi ya zamani ya mama;
wataenda hekaluni kuchomwa, kwa asante, bila kesi.
Wa tano nimembakisha.
Usiku huu nimemwandikia Chinatsu mistari minne.
Kurasa mbili zilikuwa nyingi.